Kulinda rangi ya gari kabla ya mvua: jua, vumbi na kaloli wa Nakasero

Anayepita mchana katika barabara za juu za kilima cha Nakasero, hapa Kampala, huyaona magari yamejipanga chini ya miti kama ng'ombe waliokimbilia kivuli. Kivuli hicho hugombewa, kwa kuwa jua la saa saba huufanya usukani usishikike. Lakini jioni mwenye gari hurudi na kukuta michirizi myeupe imeganda kuanzia paa hadi boneti. Juu ya tawi amesimama mhusika, kimya, na upara wake na mfuko wake wa shingoni: korongo marabu, ambaye Waganda humwita kaloli.

Katika nchi za kaskazini ya dunia, ushauri wa kupaka gari kinga hutolewa kabla ya majira ya baridi, maana huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hula chuma. Kampala haina theluji wala chumvi. Ina misimu miwili ya mvua, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Novemba, na kati yake ina vumbi jekundu. Kwa hiyo swali la hapa ni lilelile, ila adui ni wengine: gari lipakwe nini, lipakwe lini, na je, fedha inayoombwa na karakana inastahili kutolewa?

Swali hili si la matajiri wa Nakasero na Kololo peke yao. Kwa dereva wa teksi ya kukodi aliyenunua gari kwa mkopo, au kwa mfanyabiashara anayetarajia kuliuza baada ya miaka minne ili amlipie mtoto ada ya chuo, gari ndilo mali kubwa kuliko zote baada ya kiwanja. Mnunuzi wa gari lililotumika hutazama rangi kwanza. Injini huisikiliza baadaye. Boneti iliyopauka na paa lililobambuka huanzisha mazungumzo ya bei kutoka chini, hata kama mashine ni nzima.

Rangi ni nini hasa

Tunachokiita rangi ya gari ni matabaka manne au zaidi yaliyolaliana. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho tabaka lisilo na rangi, gumu na la kung'aa, ambalo mafundi huliita klia. Mpangilio huu wa rangi chini na klia juu ulienea viwandani katika miaka ya 1980. Magari ya zamani zaidi yalipakwa rangi moja iliyojitegemea, na ndiyo maana kitambaa cha kung'arishia gari jekundu la zamani kilitoka chekundu.

Unene wa matabaka haya yote kwa pamoja, katika gari ambalo halijapakwa upya, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa takriban maikroni 100. Klia peke yake ni maikroni 35 hadi 50, yaani karibu nusu ya karatasi hiyo. Ndani ya nusu karatasi hiyo ndimo zilimo kemikali zinazomeza miale ya urujuanimno ya jua kabla haijaifikia rangi.

Kila mara fundi anapopitisha mashine ya polishi ili kufuta mikwaruzo, huiondoa klia kwa maikroni chache. Hakuna polishi inayorudisha kilichoondolewa. Gari linalong'aa sana siku linapotoka bondi huenda limekwisha kung'arishwa mara mbili au tatu: mara moja kabla ya kuuzwa Japani, mara ya pili baada ya safari ya meli na barabara kutoka Mombasa, na mara ya tatu hapa Kampala ili limvutie mteja. Mng'ao huo umenunuliwa kwa kuupunguza uhai wa rangi. Wanaouza huduma za kinga hawaanzi kwa kulisema hili, nasi tumeona lisemwe mwanzoni: kinga hulinda rangi iliyo hai, wala haifufui iliyokufa.

Adui wanne wa hapa

Wa kwanza ni jua. Kampala iko sehemu ndogo ya digrii moja kaskazini ya ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na miale ya urujuanimno huwa mikali mwaka mzima. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, yaani wakati uleule mvua zinapoanza. Bati jeusi lililoachwa juani huweza kupita nyuzi joto 60 za Selsiasi, kisha manyunyu ya alasiri yakalipoza kwa dakika chache. Kutanuka huko na kusinyaa, siku baada ya siku, ndiko kunakoichosha klia hadi ikaanza kuwa na ukungu, kisha vipande, hasa juu ya paa na boneti.

Wa pili ni vumbi. Udongo mwekundu wa barabara zetu za marramu ni mchanganyiko wa oksidi za chuma na alumini pamoja na chembe za kwazi. Kwazi ni ngumu kuliko klia na ngumu kuliko kinga yoyote inayopakwa kwa kitambaa. Vumbi likikaa juu ya gari bila kuguswa halina madhara makubwa. Madhara huja mtu anapolifuta kavu, au anapoliosha kwa sponji iliyoanguka chini na kurudishwa kwenye ndoo. Ile mikwaruzo myembamba ya mviringo inayoonekana kama utando wa buibui chini ya taa za kituo cha mafuta haikuletwa na barabara. Imeletwa na kuosha.

Wa tatu ni kaloli na wenzake. Marabu wameishi na watu wa Kampala kwa miongo kadhaa, wakifuata majalala na machinjio, na mtaalamu wa ndege Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere alikwisha kuandika juu yao katika miaka ya 1970. Ni ndege mkubwa, anayeweza kufikia kilo 9, na kinyesi chake ni kingi kwa kiasi hicho. Miguu yake huonekana myeupe kwa sababu hujinyea ili kujipoza, jambo ambalo wenye magari hawatashangaa kulisikia. Kinyesi cha ndege huleta madhara kwa njia mbili. Kwanza kina asidi ya yuriki. Pili, na hili ndilo husahauliwa, klia iliyopashwa joto na jua hulainika kidogo na kutanuka. Kinyesi kikikauka juu yake kuwa kigumu, klia hupoa jioni na kusinyaa ikifuata umbo la kile kilichoigandia. Asubuhi kinyesi kinaoshwa, lakini alama inabaki kama muhuri.

Machweo, popo wa matunda huruka na huangusha maji ya matunda na mbegu. Miembe hudondosha utomvu, na mitini maziwa yake. Mwenye gari la Nakasero analazimika kuchagua kati ya jua na kivuli kinachonyesha. Ushauri wetu ni jua, ikiwa gari lina kinga, maana kinga huchelewesha uharibifu wa jua kwa miezi, ilhali kinyesi kinahitaji alasiri moja tu.

Wa nne ni mvua yenyewe, ingawa inasingiziwa mengi. Maji ya mvua hayaozeshi rangi nzima. Hatari yake ni kupita penye jeraha: tundu la jiwe kwenye ukingo wa boneti, mkwaruzo wa bodaboda mlangoni, ukingo wa tagadi uliojaa tope lililoshindiliwa. Tope hilo hushika unyevu kwa wiki nzima baada ya mvua kukoma, na hapo ndipo kutu huanzia.

Gari lililokuja na baridi yake

Kuna wakati habari ya chumvi na theluji inamhusu mkazi wa Kampala moja kwa moja. Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara, na magari mengi huagizwa yakiwa yametumika, kutoka Japani na kwa kiasi fulani Uingereza. Katika sehemu za Japani zenye theluji, kama kisiwa cha Hokkaido, na kote Uingereza, barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi. Gari lililotumika huko kwa miaka kumi laweza kufika hapa likiwa na rangi nzuri juu na kutu chini ya tumbo. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini miaka kumi na minne ya chumvi inatosha.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria mng'ao wa juu, gari liinuliwe na litazamwe chini: chesisi, mabomba ya breki, mahali shokamzoba zinapofungwa, na mikunjo ya bati chini ya milango. Penye kutu nyepesi pasuguliwe kwa brashi ya waya hadi bati lionekane, pakaushwe kabisa, papakwe praima ya kuzuia kutu, ndipo ije kinga ya tumboni. Desturi ya kumwaga lami nyeusi juu ya kutu bila kuisugua ni mbaya kuliko kuacha wazi. Lami huufungia unyevu ndani, kutu huendelea kula gizani, na mwenye gari hugundua siku jeki inapotoboa bati. Matundu madogo yaliyo chini ya milango, yaliyowekwa na kiwanda ili maji yatoke, yasizibwe.

Aina za kinga

Kinga ya zamani kuliko zote ni nta. Iliyo bora hutoka kwenye majani ya mnazi-pori wa kaskazini-mashariki ya Brazili uitwao karnauba, na huyeyuka kwa nyuzi joto za zaidi kidogo ya 80. Watengenezaji huichanganya na mafuta na viyeyusho ili ipakike, na mchanganyiko huo haustahimili joto kama nta tupu. Katika jua letu hudumu mwezi mmoja hadi miwili. Ni rahisi, haihitaji fundi, na mtu akikosea anaweza kuanza upya Jumamosi inayofuata.

Baada yake kuna kinga za sanisi, ambazo ni polima za maji au za krimu zinazojishikiza kwenye klia. Hupakwa kama nta, hudumu miezi mitatu hadi sita, na kwa maoni yetu ndizo zinazofaa magari mengi ya Kampala, hasa yanayofanya kazi kila siku. Hazina sifa kubwa mtaani, labda kwa sababu hakuna anayepata faida nono kwa kuziuza.

Kisha kuna ile inayotangazwa kila mahali siku hizi, ambayo Waingereza wameipa jina linalotokana na vyombo vya udongo. Sisi wafasiri tumelijadili zaidi ya mara moja: wengine wanasema seramiki, wengine kauri. Neno kauri ni zuri na linaeleweka, lakini linaweza kumpotosha msikilizaji akadhani gari linavikwa kitu kigumu kama sahani. Kinachopakwa ni kimiminika chenye misombo ya silikoni, ambacho kikikutana na unyevu wa hewa hugeuka utando mwembamba wa jamii ya kioo, wa maikroni moja au mbili hivi, uliojifunga kwenye klia kwa nguvu za kikemia. Utando huu haukubali maji kutandaa, huchelewesha asidi, hurahisisha kuosha, na kwa matunzo mazuri hudumu mwaka mmoja hadi mitatu.

Ugumu wake husifiwa kwa alama ya 9H. Alama hiyo haitokani na kipimo cha vito na mawe. Ni ya penseli. Hupatikana kwa kusukuma penseli za risasi ngumu juu ya rangi na kuona ni ipi inayoikwaruza. Utando ulioishinda penseli hautaishinda kwazi ya barabarani, wala ufunguo wa jirani, wala jiwe lililorushwa na lori. Karakana ikikuambia kwamba baada ya kauri hutapata mkwaruzo tena, basi inakuuzia ahadi isiyo yake.

Kinga inayoweza kuzuia jiwe ni utando wa plastiki unaobandikwa, wenye unene wa maikroni 150 hadi 200. Ni ghali mno, na mara nyingi hubandikwa kwenye boneti na bampa ya mbele tu. Anayetaka utando wenye rangi tofauti na ya gari akumbuke kwamba rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi yake, na kuibadilisha ni jambo la kuandikishwa kwa mamlaka husika.

Utaratibu wa kazi

Wakati unaofaa ni Februari, kabla ya mvua za Machi, au Julai, kabla ya zile za Septemba. Sababu si kukwepa tope peke yake. Kauri hutaka saa 24 bila kuguswa na maji, na karibu wiki nzima bila sabuni, na hilo haliwezekani Aprili mjini Kampala. Unyevu mwingi wa hewa nao huifanya ikauke upesi mno, ikabaki na madoa ya mafuta yasiyotoka ila kwa polishi, na polishi tumekwisha kueleza inakula nini.

Gari lioshwe kwanza kivulini, bati likiwa limepoa, kwa shampuu ya magari na kwa ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji safi ya kusuuzia glovu ya kuoshea kabla ya kuirudisha kwenye sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia, ambayo hutumika katika sehemu nyingi za kuoshea magari, ni kali na huondoa nta yote iliyokuwapo. Paa litangulie, sehemu za chini za milango zije mwisho kwa kuwa ndizo zenye mchanga. Liumwe na shinikizo la maji kwanza, ndipo liguswe na mkono.

Likishakauka, vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, kaveera kama tunavyouita hapa, kisha pitisha vidole polepole juu ya boneti. Nailoni huongeza hisia. Ukisikia chembechembe kama sukari, ni vumbi la chuma la breki, madoa ya lami na utomvu vilivyojishikiza. Hivi havitoki kwa sabuni. Hutolewa kwa udongo laini maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya kilainishi, au kwa dawa za kuyeyusha lami na chuma. Kupaka kinga juu ya chembe hizo ni kuzihifadhi.

Sasa mikwaruzo. Pitisha ukucha kwa upole juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, na mashine haitaufuta bila kuhatarisha klia. Bora uachwe, au uzibwe kwa rangi ya brashi. Usiponasa, polishi nyepesi inaweza kutosha. Fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi na akitumie mbele yako, sehemu kwa sehemu. Kikionyesha maikroni 80 au pungufu, mashine isiguse hapo. Kikionyesha 300 au zaidi, huenda sehemu hiyo imepakwa upya au kuna puti chini yake, na pengine gari liliwahi kugongwa, jambo ambalo muuzaji alisahau kulitaja. Kingo na mikunjo ya bati huwa na klia nyembamba kuliko zote na ndiko mashine inakounguza. Mwandishi wa makala haya ana alama ya ukubwa wa shilingi kwenye ukingo wa boneti ya gari lake kwa sababu ya haraka ya dakika mbili, katika karakana isiyohitaji kutajwa, na hakuna kinga iliyoweza kuificha.

Kabla ya kupaka kauri, uso wote ufutwe kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, ili mafuta ya polishi yatoke. Kauri haishiki juu ya mafuta, na hii ndiyo sababu kubwa ya kazi nyingi kuharibika baada ya miezi mitatu. Hupakwa ndani ya jengo lisilo na vumbi, sehemu ndogo ya nusu mita kwa nusu mita kila mara, kwa mistari inayopishana. Baada ya dakika moja hadi tatu huanza kutoa rangi za upinde wa mvua; hapo hufutwa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, kisha kwa cha pili. Vitambaa vilivyotumika vitupwe, maana vikikauka vinakuwa na chembe ngumu. Anayepaka avae glovu na afungue milango, kwa kuwa viyeyusho vyake si vya kuvuta.

Nta haina mashaka yote hayo. Hupakwa nyembamba, nyembamba kuliko unavyodhani inatosha, huachwa ikauke kuwa ukungu mweupe, kisha hufutwa. Kuipaka nene hakuongezi kitu ila jasho.

Rangi ikiwa imekwisha kufa

Paa lenye vipande vyeupe vinavyobambuka kama ngozi iliyoungua limekwisha kupoteza klia. Nta italipa giza zuri kwa wiki moja. Dawa yake ni kupigwa msasa na kupakwa upya, kazi ambayo wengi huipeleka chini ya kilima, kwenye karakana zilizo pande za soko la Kisekka, lililobeba jina la Dkt. Samson Kisekka, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia mwaka 1986 na baadaye makamu wa rais. Huko mafundi wana mikono yenye ustadi ambao hautoki vitabuni, na bei zinazozungumzika.

Lakini hapa kuna jambo zito kuliko bati. Klia ya kisasa huchanganywa na kigumishi chenye kemikali za jamii ya isosianeti, na ikipulizwa huwa ukungu unaovutwa mapafuni. Isosianeti ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana zaidi vya pumu ya kazini. Mtu akishapata mzio wake, hata kiasi kidogo sana kinaweza kumbana kifua, na mara nyingi hulazimika kuacha kazi hiyo. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote, na barakoa ya karatasi ni ya vumbi tu. Kinachopendekezwa ni kifaa kinacholeta hewa safi kwa bomba kutoka nje, au walau, pale kisipopatikana, barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali vinavyobadilishwa kwa wakati, pamoja na miwani na nguo za mikono mirefu. Anayepuliza uchochoroni anawapulizia pia muuza chapati na watoto wanaopita.

Mteja anayebishana na fundi kupunguza bei hadi chini kabisa ajue kwamba mara nyingi kinachopunguzwa ni kichujio hicho. Anaweza kuuliza kabla ya kulipa: unavaa nini unapopuliza? Si swali la kumuudhi fundi. Wengi wana majibu, na baadhi yao wana kikohozi.

Baada ya kupaka

Gari lenye kinga bado linanyewa na kaloli. Tofauti ni kwamba mwenyewe anapata saa chache zaidi. Weka ndani ya gari chupa ya maji na kitambaa safi. Kinyesi kikikutwa kimekauka, usikisugue, maana kina mbegu na mchanga. Lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika tano hadi kumi, kisha kiinue bila kuburuta. Kama alama imebaki, iache gari juani kidogo. Klia ikipata joto, alama nyepesi huweza kujirudi yenyewe, na ile nzito itakaa kungoja polishi.

Kuosha kila wiki mbili kwa maji mengi kunatosha wakati wa mvua. Wakati wa kiangazi, vumbi lisifutwe kwa kitambaa kikavu wala kwa ule ufagio wa manyoya unaouzwa kwenye taa za barabarani. Maji ya kisima yenye madini mengi yasiachwe yakauke juu ya gari, kwa kuwa huacha duara nyeupe zinazong'ang'ania kauri kuliko zinavyong'ang'ania rangi tupu.

Mvua ya kwanza itaonyesha hali ya kinga. Matone yakisimama wima na kukimbia gari linapotembea, kinga ipo. Yakitandaa kama maji mezani, usiharakishe kurudi karakana. Mara nyingi utando umefunikwa na uchafu tu. Lioshe kwa shampuu, lisuuze, limwagie maji tena, na utazame paa kwanza, maana ndilo linaloanza kuishiwa.